Hana Hakupanda Shilo Mwaka Ule

SOMO LA WIKI: FAMILIA NA MALEZI
Andiko la msingi: 1 Samweli 1:20–28, 2:18–21, 3:1–10
Andiko la kukumbuka: Zaburi 22:9



Tukihubiri habari za Hana huwa tunakwenda mbio. Tunaanza na machozi yake, tunapitia nadhiri, halafu tunaruka moja kwa moja mpaka siku aliyompeleka Samweli nyumbani kwa Bwana. Hapo tunasema: haya basi, na wewe toa cha kwako. Lakini katikati kuna mistari mitatu ambayo wengi wetu huipita kama matatu inavyopita steji isiyo na abiria. Ni 1 Samweli 1:21 mpaka 23. Wiki hii tusimame hapo.

Kila mwaka Elkana na nyumba yake yote walipanda Shilo kutoa dhabihu. Ilikuwa ndiyo ibada kubwa ya familia. Mwaka ule Hana hakwenda. Alimwambia mumewe kwamba atakaa nyumbani mpaka mtoto aachishwe ziwa, ndipo atakapompeleka. Na si kwamba alikuwa amepoa kiroho. Huyu ndiye mama aliyekuwa na ushuhuda mkubwa kuliko mtu yeyote pale Shilo mwaka huo! Angesimama mbele ya watu wote na Penina akiwa anamtazama. Lakini alibaki nyumbani na mtoto mchanga mgongoni. Elkana naye hakumuuliza, "Kwani watu watasema nini?" Alimwambia afanye aonavyo vema. Biblia haimkemei Hana popote kwa hilo.

Haikuwa wiki mbili wala miezi mitatu. Wasomi wengi wa Biblia hukadiria kwamba zamani zile mtoto aliachishwa ziwa akiwa na miaka miwili, mitatu hivi. Kwa hivyo Hana alikosa safari zaidi ya moja. Swali la somo letu ni hili: alikuwa anafanya nini muda huo wote? Kunyonyesha tu? Au kuna kitu kingine kilichokuwa kinajengwa ndani ya Samweli, ambacho baadaye kingebeba mwito wake?

1. KUTUMAINI HUANZIA KIFUANI

Daudi anatupa jibu katika Zaburi 22:9. Akiwa katika dhiki kubwa, anamkumbusha Mungu kwamba ndiye aliyemfundisha kutumaini tangu alipokuwa kifuani pa mama yake. Tafakari hilo. Daudi hasemi alijifunza kutumaini siku ya Goliathi, wala siku alipopakwa mafuta. Anasema somo la kwanza alilipata akiwa hajui hata kusema "mama". Mungu ndiye mwalimu, na kifua cha mama ndicho darasa.

Ukienda Zaburi 131:2, anarudi palepale. Anapotaka kueleza jinsi roho yake ilivyotulia mbele za Bwana, mfano anaoupata ni wa mtoto aliyeachishwa ziwa, ametulia kwa mamake. Mtoto huyo haitafuti tena maziwa. Anataka tu kuwa karibu na mtu anayemwamini.

Watu wanaosoma malezi ya watoto wana neno la jambo hili. Wanaliita mshikamano, yaani ule uzi unaomfunga mtoto mdogo kwa mtu anayemtunza, hata akiogopa anajua amkimbilie nani. Daktari Mwingereza aitwaye John Bowlby ndiye aliyeliandikia sana. Mwaka 1951 aliandikia Shirika la Afya Duniani ripoti kuhusu watoto waliopoteza makazi na wazazi baada ya vita. Alisema mtoto mdogo anahitaji uhusiano wa karibu na usiokatika-katika pamoja na mama yake, au mtu anayeshika nafasi ya mama, na kwamba kukosa hilo kunaweza kumdhuru kweli. Wakati huo watu wengi waliamini mtoto humpenda mama kwa sababu ya chakula tu: mpe maziwa, basi umemaliza.

Mwaka 1958 mtafiti Mmarekani aitwaye Harry Harlow alionyesha kwamba si hivyo. Alichukua watoto wa nyani na kuwawekea "mama" wawili wa bandia: mmoja wa waya mtupu mwenye chupa ya maziwa, mwingine amevikwa kitambaa laini lakini hana chakula. Wale wanyama wadogo walikuwa wanaenda kwa yule wa waya kunyonya, kisha wanarudi haraka kwa yule wa kitambaa na kumkumbatia karibu siku nzima. Wakishtuliwa, walimkimbilia yule wa kitambaa. Maziwa yalijaza tumbo, lakini hayakuondoa hofu.

Kwa hivyo mzazi anaposema, "Mimi sijamnyima mtoto wangu kitu, anakula, anavaa, karo nimelipa," amesema jambo zuri, lakini amejibu nusu ya swali.

2. JAMBO HILI LILISOMWA HAPA KWETU

Mtu asikuambie hii ni mambo ya wazungu. Mwaka 1954, mama mmoja msomi aitwaye Mary Ainsworth, aliyekuwa amefanya kazi na Bowlby kule London, alihamia Uganda na mumewe. Alizunguka vijiji vya karibu na Kampala akitembelea akina mama 26 wa Kiganda na watoto wao wachanga, nyumba kwa nyumba, mara kwa mara kwa miezi. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967. Kwa hivyo sehemu ya elimu hii ambayo leo inafundishwa vyuo vikuu duniani ilianza kwenye mikeka ya akina mama wa Afrika Mashariki.

Aliona nini? Aliona mtoto anayetambaa humwacha mama, akaenda kuchunguza kuku, sufuria, mgeni. Kisha anageuka kumtazama mama. Akimwona yupo, anaendelea. Akishtuka, anarudi mbio, anamshika, anatulia, halafu anatoka tena. Mama ni kama steji ambayo safari zote zinaanzia na kurudia. Aliona pia kwamba watoto waliokuwa na utulivu mwingi walikuwa na akina mama wanaowajua vizuri, akina mama unaoweza kuwauliza juu ya mtoto na wakakueleza kila kitu chake. Na watoto hao hawakushikamana na mama peke yake. Wengine walishikamana pia na baba, na nyanya, na ndugu wakubwa.

Hapa Kenya kwetu, Robert LeVine na wenzake walisoma malezi ya Wagusii tangu miaka ya 1950. Waliona mama wa Kigusii haongei sana na mtoto mchanga kama mama wa Marekani, lakini mtoto akilia, anachukuliwa upesi na kutulizwa. Kila jamii ina njia yake. Wengine huimba, wengine hufunga mtoto mgongoni na leso na kuendelea na jembe. Kitu cha lazima ni kwamba mtoto akiita, mtu aitike.

3. "ATAZOEA MIKONO"

Hapa ndipo wengi tunateleza. Mtoto wa miezi minne analia, mama anainuka, na shangazi aliyekaa kwenye kochi anasema, "Wacha alie, atazoea mikono." Tunaogopa kulea mtoto deka.

Baada ya Uganda, Ainsworth alifanya utafiti mwingine huko Baltimore, Marekani, akifuatilia familia 26 kwa mwaka wa kwanza wa mtoto. Yeye na mwenzake walichapisha mwaka 1972 kwamba watoto ambao mama zao waliitika kilio haraka katika miezi ya mwanzo walilia kidogo zaidi mwaka ulipokaribia kwisha, si zaidi. Tayari walikuwa na njia nyingine za kusema: sauti, uso, kunyoosha mikono. Mtoto aliyeitikiwa amejifunza kwamba hana haja ya kupiga kelele.

Mtoto mchanga hana ujeuri wa kukupangia njama saa tisa usiku. Kilio ndiyo lugha pekee aliyo nayo. Tukisoma Kutoka 2:6, binti Farao alipofungua kile kisafina, mtoto Musa alikuwa analia, na kilio kile ndicho kilichomwingiza huruma. Mungu alitumia kilio cha mtoto kuokoa taifa. Usikidharau.

Mimi nilisomea biashara kabla ya kuitwa katika huduma, kwa hivyo nivumilieni nikitumia lugha ya benki. Kila mara mtoto akiita na ukaitika, kuna kitu kimewekwa katika akaunti yake. Ni kidogo, kama shilingi kumi. Lakini katika mwaka mmoja mtoto huita mara elfu na maelfu. Akifika umri wa kwenda shule, ana salio. Mwalimu akimkaripia, mwenzake akimnyang'anya penseli, anatoa katika salio hilo na hafilisiki. Mtoto asiye na salio hufilisika kwa jambo dogo: anapiga, anajificha, au anajifanya hajali. Sisi tunamwita mtundu, na kumbe ni maskini wa ndani.

4. UTAJUAJE KAMA UZI UPO?

Njia aliyotumia Ainsworth ilikuwa rahisi. Mtoto wa mwaka mmoja hivi anakaa chumbani na mama, mama anatoka kidogo, kisha anarudi. Hakuangalia sana kama mtoto alilia mama akitoka. Aliangalia mama akirudi, mtoto anafanya nini.

Kuna mtoto anayemkimbilia mama, anabebwa, anatulia, kisha anarudi kucheza. Huyo uzi wake ni imara. Kuna mwingine ambaye mama akirudi hata hamtazami, anaendelea na kidude chake kama kwamba hakuna aliyeingia. Majirani humsifu: "Huyu mtoto ni mpole, hasumbui." Lakini huenda amejifunza kwamba kuita hakuna faida. Wa tatu anamng'ang'ania mama na papo hapo anamsukuma na kumpiga, hatulii, kwa sababu hajui leo atapata mama yupi. Baadaye watafiti wengine walitambua kundi la nne: mtoto anayeonekana kuchanganyikiwa, anaenda kwa mzazi kisha anaganda. Mara nyingi ni pale ambapo mtu anayepaswa kumkinga ndiye anayemwogopesha. Mtoto huyo ana shida mbili kwa wakati mmoja: anamwogopa mzazi wake, na hana mwingine wa kumkimbilia.

Usitoke hapa ukampime mtoto wako jioni na kumbandika jina. Hata watoto wa uzi imara wana siku mbaya. Nimeeleza haya ili tuache kusema kila mtoto mnyamavu ni mtoto mwenye amani.

5. SAMWELI ALIKIMBIA KWA NANI?

Sasa turudi Shilo, 1 Samweli 3. Ni usiku. Samweli amelala. Anasikia sauti ikimwita jina. Biblia inasema alifanya nini? Alipiga mbio kwa Eli. Mara ya kwanza, ya pili, na ya tatu akainuka na kwenda.

Tumezoea kufundisha hapo kwamba Samweli alikuwa bado haijui sauti ya Bwana, na ni kweli. Lakini angalia jambo lingine. Mtoto anayeamshwa na sauti gizani akakimbia moja kwa moja kwa mlezi wake ni mtoto anayejua kwamba akienda hatapigwa. Mtoto aliyezoea kufokewa usiku hakimbilii mtu. Anajifunika blanketi kichwani na kunyamaza. Kama Samweli angekuwa mtoto wa kujifunika blanketi, nani angemwambia kwamba anayeita ni Bwana?

Na Eli, pamoja na uzee na macho yake mabovu, hakusema, "Ukinisumbua tena utaona." Alimwambia arudi akalale, na mara ya pili alimwita mwanangu. Aliamshwa mara tatu, na mara ya tatu akili yake ilikuwa imetulia vya kutosha kutambua kwamba ni Mungu. Mtoto alifika kwa Mungu kwa kupitia mtu mzima aliyeitika. Hicho ndicho Hana alichokijenga ile miaka aliyokosa safari: mtoto anayeamini kwamba ukiita kuna anayesikia. Na maombi ni nini kama si hayo?

Hana naye, baada ya kumwacha Shilo, hakupotea. Sura ya 2:19 inasema kila mwaka alimshonea kanzu ndogo na kumpelekea. Ili ushone kanzu ya mtoto anayekua lazima uwe unajua amefika wapi. Mabega yamepanuka, mikono imerefuka. Mzazi unayefanya kazi mbali, uko Mombasa na mtoto yuko ushago, au uko Ghuba unatuma pesa kila mwezi, nakuuliza kwa upole: unajua saizi ya kanzu yake mwaka huu?

6. KWA NYUMBA ZETU

Najua hali ilivyo. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama miezi mitatu ya likizo ya uzazi yenye mshahara, na baba wiki mbili. Lakini mama mboga hana likizo, na mwenye kibarua cha kutwa akikosa leo hali leo. Somo hili halikuja kumpiga mawe mama anayefanya kazi. Kama tulivyoona, mtoto anaweza kushikamana na zaidi ya mtu mmoja. Kinachomuumiza ni watu kubadilika kila mara bila yeye kuelewa, au kuwa na watu wengi na asiwe na wake. Kwa hivyo:

Muage mtoto. Usitoroke kupitia mlango wa nyuma anapoangalia katuni. Unaepuka kilio cha dakika tano, lakini unamfundisha kwamba watu hupotea wakati wowote. Mwambie naenda, nitarudi jioni. Atalia. Rudi jioni. Baada ya muda neno lako litakuwa neno.

Mtunze anayekutunzia. Dada wa nyumbani akibadilishwa kila baada ya miezi miwili, kwako wewe ni usumbufu wa kutafuta mwingine. Kwa mtoto wa mwaka mmoja ni msiba, na hakuna anayempa pole. Lipa mshahara kwa wakati, ongea naye kwa heshima, mpe siku ya kupumzika. Akilazimika kuondoka, mpe mtoto nafasi ya kuagana naye, na kama inawezekana yule mpya aanze ukiwa bado nyumbani. Kama ni kituo cha kulea watoto pale mtaani, usiangalie bei na uji tu. Angalia walezi ni wangapi kwa watoto wangapi, na mtoto akilia nani anainuka.

Weka simu chini. Mwanasaikolojia Edward Tronick, katika miaka ya 1970, aliwaambia akina mama wacheze na watoto wao wachanga, kisha wawatazame kwa dakika chache bila uso kubadilika hata kidogo. Watoto walitabasamu, wakanyoosha mikono, wakajaribu kila njia ya kumrudisha mama. Iliposhindikana, waligeuza uso na wengine wakalia. Mama alikuwa amekaa palepale mbele yao! Nusu saa baada ya kazi, simu ikiwa kabatini, ina thamani kuliko Jumamosi nzima ambayo uko lakini hauko.

Rekebisha ulipovunja. Tronick huyohuyo alionyesha kwamba hata mama na mtoto wanaopendana hukosana kuelewana sehemu kubwa ya muda. Kinachojenga ni kurudi. Kama umefoka, rudi, chuchumaa, mwambie pole. Heshima yako haitapungua. Anajifunza toba akiangalia wewe.

Acha vitisho vya kuachwa. "Nitakuacha hapa." "Nitakupeleka kwa polisi." "Nitamwambia pasta akuchape." Mtoto wa miaka mitatu huamini kila neno. Na tafadhali, msitutumie sisi wachungaji kutishia watoto. Tunataka mtoto akituona akimbie kuja, si kukimbia kwenda.

Baba, hii ni yako pia. Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 53, inasema wajibu wa malezi ni wa baba na mama kwa usawa, wawe wameoana au la. Lakini kabla ya Katiba kulikuwa na Elkana, aliyesimama na mkewe katika uamuzi ule. Beba mtoto. Muogeshe. Na mvulana wako akilia usimwambie wanaume hawalii. Yohana 11:35 ipo.

Wengine watauliza: na nidhamu je? Eli mwenyewe ndiye onyo letu. 1 Samweli 3:13 inasema wanawe walifanya uovu naye hakuwazuia. Kumtuliza mtoto si kumwachia afanye atakavyo. Lakini utaratibu ni huu: mtoto humsikiliza mtu anayemwamini. Wakolosai 3:21 inawaonya akina baba wasiwachokoze watoto wakakata tamaa. Na mtoto wa miezi minane anayelia hahitaji kurudiwa, anahitaji kubebwa.

7. KWA MAMA ALIYECHOKA

Kuna mama anasoma hapa na moyo unamdunda, kwa sababu amejifungua na hahisi kitu. Anamtazama mtoto na ni kama anatazama ukuta. Analia bila sababu, halali hata mtoto akilala. Dada, hiyo si laana wala ukosefu wa imani. Huzuni baada ya kujifungua ni ugonjwa unaojulikana na unatibika. Mwambie muuguzi pale kliniki unapompeleka mtoto chanjo. Ukiwaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, usingoje Jumapili, nenda hospitalini leo. Tutakuombea na tutakusindikiza, yote mawili. Eliya alipotaka kufa chini ya mti, malaika hakumhubiria. Alimpa chakula na kumwacha alale (1 Wafalme 19).

8. NA KAMA MIMI SIKULELEWA HIVYO?

Wengi wetu tulilelewa kwa kupitishwa mikononi: leo kwa shosho, kesho kwa mjomba, mwaka ujao bweni. Wengine hatujui kukumbatiwa kulikuwaje. Je, mlango umefungwa?

Utawala wa Ceaușescu ulipoanguka kule Romania mwezi wa Desemba 1989, dunia ilikuta watoto maelfu kwa maelfu katika nyumba za serikali, wamelishwa lakini hawajapendwa. Baadaye watafiti walifuatilia watoto 136 waliokuwa katika nyumba hizo jijini Bucharest. Nusu yao walipelekwa katika familia zilizoandaliwa kuwalea. Waliopata familia walipona kwa kiasi kikubwa kuliko waliobaki, na waliochukuliwa kabla ya umri wa miaka miwili hivi walifanya vizuri zaidi katika mambo mengi. Mambo mawili yako hapo. Mapema ni bora, kwa hivyo tusiahirishe. Lakini pia hata moyo ulioanza vibaya unaweza kubadilika ukipata mtu wa kudumu.

Zaburi 27:10 inasema hata baba na mama wakituacha, Bwana atatukaribisha kwake. Na Isaya 49:15 inaenda mbali zaidi: huenda mama akamsahau anyonyaye, lakini Mungu hasahau. Mara nyingi Bwana hutukaribisha kwa kutumia watu: mume mvumilivu, rafiki wa ushirika, mama wa kanisa anayekupigia simu kila Jumanne. Usiwakwepe. Na ukishika mwanao, kumbuka si lazima umpe ulichopewa. Unaweza kuanza ukurasa mpya naye.

9. KWETU SISI KANISA

Nimalize na hili, na nalisema kama mtu wa nyumbani. Hana alikosa ibada kubwa ya mwaka kwa sababu ya mtoto anayenyonya, na Mungu hakumpunguzia kitu. Basi mama mwenye mtoto mchanga asipoonekana kwenye kesha la Ijumaa, asiulizwe amepoa. Mwimbaji wa kwaya mwenye mtoto wa miezi mitano akiomba kupumzika mazoezi ya usiku, jibu letu liwe la Elkana. Na sisi viongozi, kama mkutano wa kila jioni unafanya watoto wetu watujue kwa kutusikia kwenye maikrofoni, tupunguze mikutano.

Darasa la watoto wadogo Jumapili lihudumiwe na nyuso zilezile, angalau kwa muhula mzima. Tusibadilishe walezi kila wiki kama zamu ya kufagia. Na mtoto akilia katikati ya mahubiri, tusimgeukie mama kwa macho makali. Mahubiri yataendelea. Katika Marko 10 wanafunzi walidhani wanamlinda Bwana asisumbuliwe na watoto, na yeye akachukizwa na hilo, akawakumbatia watoto na kuwabariki. Angewabariki kwa neno tu kutoka pale alipokuwa. Lakini alitumia mikono.

MASWALI YA USHIRIKA WA NYUMBANI

1. Soma 1 Samweli 1:21–23. Ungekuwa jirani ya Hana, ungesema nini kumhusu mwaka huo?
2. Ulipokuwa mdogo na ukaogopa usiku, ulimkimbilia nani? Kama hakukuwa na mtu, hilo limeathiri vipi unavyoomba leo?
3. Mtoto wako, au mtoto unayemlea, ana watu wangapi anaoweza kuwaita "wangu"? Nani kati yao anaondoka mwaka huu?
4. Taja mama mmoja katika ushirika wenu mwenye mtoto chini ya miaka miwili. Kikundi kitamsaidia nini kwa mikono wiki hii: kupika, kufua, kubeba mtoto alale kidogo?

MAOMBI

Baba, wewe uliyetufundisha kutumaini kabla hatujajua kusema, tunawaleta watoto wetu kwako. Wape watu wa kuitika. Wape nguvu akina mama waliochoka, warudishe akina baba waliojitenga, wabariki shosho na dada wanaolea watoto wasio wao. Walioachwa wakiwa wadogo, wakaribishe kama ulivyoahidi. Na utufanye kanisa ambalo mtoto akiamka gizani atajua akimbilie wapi. Katika jina la Yesu, Amina.